Taya moja, sababu nyingi: kwa nini panya wa spishi moja hutofautiana mataya kutoka mahali hadi mahali

Taya la chini la panya mdogo wa nyumbani, yule ambaye wanasayansi humwita Mus musculus, lina urefu wa takriban sentimita moja. Ni mfupa mwembamba, bapa, wenye, kila upande, jino moja refu lililopinda mbele na magego matatu madogo nyuma. Chukua taya la panya wa bara na la mwenzake wa kisiwani, uyaweke kiganjani, na huenda usione lolote la ajabu. Yapime mataya mia ya huku na mia ya kule kwa makini, na tofauti zitaanza kujitokeza: huku ni makubwa zaidi, kule pembe ya nyuma imepanuka, kwingine sehemu inayobeba magego imeinama kidogo. Panya ni wa spishi ileile. Kilichobadilika ni mahali.

Kwa nini? Jibu linalokuja haraka ni chakula: wanakokula vitu vigumu mataya hupata nguvu, wanakokula laini hudhoofika. Nimesoma maelezo ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara naona kuna hatua nne au tano zilizorukwa. Taya huweza kutofautiana kwa sababu ya umri wa mnyama, ukubwa wa mwili wake, kazi aliyoifanyia mifupa yake tangu utotoni, ukoo wake, bahati nasibu ya vizazi vilivyomtangulia, na uchaguzi asilia, yaani wenye umbo linalofaa kuishi na kuzaa zaidi kuliko wengine. Yote haya huandikwa juu ya mfupa mmoja, kwa wino wa rangi moja. Kuyasoma kunataka subira.

Mfupa wenye kazi mbili

Wagugunaji ni kundi kubwa kuliko yote ya mamalia. Katika kila spishi kumi za mamalia, takriban nne ni wao: panya, kindi, nungunungu, fuko na jamaa zao wengi. Kinachowaunganisha ni meno ya mbele, jozi moja juu na jozi moja chini, yanayoendelea kukua maisha yote. Upande wa mbele wa jino una enameli ngumu, na nyuma yake ni dentini iliyo laini zaidi. Mnyama anapoguguna, upande wa nyuma huisha haraka kuliko wa mbele, na ncha hubaki kali kama patasi. Kati ya jino hilo na magego kuna pengo tupu. Chonge hakuna.

Kwa panya, meno ya mbele na magego hayawezi kukutana na wenzake wa juu kwa wakati mmoja. Akitaka kuguguna husogeza taya la chini mbele, akitaka kutafuna hulirudisha nyuma. Mfupa uleule ni chombo cha kukatia na ni kinu cha kusagia. Misuli miwili hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Msuli wa shavu, ambao kwa wagugunaji ni mkubwa mno, hushika sehemu ya chini na ya nyuma ya taya. Msuli wa panja hushuka kutoka ubavuni mwa fuvu na kushika kijipembe kinachochomoza juu, nyuma ya magego. Ndiyo maana nyuma ya taya la panya kuna vichomozo vitatu: kimoja cha msuli wa panja, kimoja cha kiungo chenyewe, na cha chini kabisa cha msuli wa shavu na wenzake wa ndani.

Sasa lifikirie taya kama wenzo. Egemeo ni kiungo kilicho karibu na sikio, jitihada ni msuli, mzigo ni chakula kilicho kwenye jino. Gawanya umbali wa msuli kutoka kwenye egemeo kwa umbali wa jino kutoka kwenye egemeo hilohilo, nawe utapata kile ambacho fizikia hukiita manufaa ya kimakanika. Taya fupi ambalo msuli wake umeshika mbali na kiungo huuma kwa nguvu. Taya refu hupungukiwa nguvu, lakini ncha yake hufunga kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kichomozo kikisogea kidogo tu, mnyama anaweza kupata au kukosa uwezo wa kupasua mbegu fulani.

Watafiti hulipenda taya la chini kwa sababu nyingine pia, ya kivitendo zaidi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika vitonge vya manyoya na mifupa. Fuvu mara nyingi hutoka limevunjika, lakini mataya ya chini hutoka mazima. Nusu mbili za taya huachana kidevuni, na kila nusu ni bapa kiasi cha kupigwa picha kama jani. Mtu anayeokota vitonge chini ya mti anaolala bundi anaweza kukusanya mataya mengi bila kutega mtego hata mmoja. Inabidi tu akumbuke kwamba bundi hachagui mawindo kwa kura. Akikamata zaidi panya wachanga, au wale wanaopenda kutembea mahali pa wazi, sampuli yake haitalingana na ya mtegaji.

Kutenganisha ukubwa na umbo

Zamani taya lilipimwa kwa kalipa, kifaa cha mkono cha kupimia vitu vidogo: urefu, kimo, unene wa hapa na pale. Ubaya wake ni kwamba vipimo hivyo karibu vyote hukua pamoja. Mtafiti anaishia kupima ukubwa mara kumi huku akidhani amepima vitu kumi. Tayari mwaka 1917 Mskoti D'Arcy Thompson alikuwa ameonyesha njia nyingine ya kufikiri. Alimchora mnyama juu ya gridi ya miraba, akaivuta na kuipinda gridi hiyo hadi mchoro ukafanana na mnyama wa jamaa yake. Wazo lilikuwa zuri, ila hesabu za kulitumikia zilikuja miongo mingi baadaye.

Leo mtafiti huweka alama kwenye picha ya taya, mahali panapotambulika kwa kila mnyama: ncha ya kijipembe cha juu, ukingo wa kiungo, pale jino la mbele linapotokea mfupani, mwanzo wa gego la kwanza, mwisho wa gego la tatu. Kila alama hupata namba mbili, ya mlalo na ya wima. Kompyuta huyachukua mataya yote, huyasogeza yawe na kitovu kimoja, huyapanua au kuyapunguza yawe na ukubwa mmoja, kisha huyazungusha hadi alama zake zikaribiane kadiri inavyowezekana. Utaratibu huu umepewa jina la Procrustes, jambazi wa hadithi za Kigiriki aliyewavuta wageni wake au kuwakata miguu ili watoshe kitandani. Kinachobaki baada ya mahali, ukubwa na mwelekeo kuondolewa ndicho kinachoitwa umbo. Ukubwa nao hautupwi. Huhifadhiwa kando kama namba moja, inayotokana na umbali wa alama zote kutoka kwenye kitovu.

Faida ya hatua hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sasa mtu anaweza kuuliza kama panya wa kaskazini wana mataya makubwa, na kando ya hapo akauliza kama mataya yao yana umbo tofauti. Majibu yanaweza kupingana kabisa.

Lakini njia hii pia huadhibu uzembe. Taya likilala limeinama kidogo chini ya kamera, umbo hubadilika kwenye skrini ilhali mfupa ni uleule. Watu wawili hawaweki alama pale pale, na hata mtu mmoja hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Tofauti kati ya jamii mbili za panya huwa ndogo kiasi kwamba makosa haya yanaweza kuzifunika au, vibaya zaidi, kuzibuni. Utafiti unaoaminika hupiga picha na kuweka alama zaidi ya mara moja kwa sehemu ya mataya yake, ili ijulikane kosa lina ukubwa gani.

Makubwa huku, madogo kule

Kabla ya kuuliza hali ya hewa inafanya nini, uliza umri. Mataya yaliyokusanywa mwishoni mwa msimu wa kuzaana huwa na vijana wengi, na yale ya kabla ya msimu huwa na wazee waliovuka kipindi kigumu. Ukilinganisha eneo moja la msimu huu na jingine la msimu ule, umelinganisha watoto na watu wazima. Umri hukadiriwa kwa kuangalia magego yalivyosagika. Hapo pia pana mtego, kwa kuwa chakula chenye mchanga husaga magego haraka, na panya wa mahali hapo huonekana mzee kabla ya wakati wake.

Ukishavuka hapo, unakutana na kanuni ya Carl Bergmann. Mjerumani huyu alieleza mwaka 1847 kwamba wanyama wenye damu moto wa sehemu za baridi huelekea kuwa wakubwa, kwa sababu mwili mkubwa una ngozi ndogo ukilinganisha na ujazo wake, na hivyo hupoteza joto polepole. Kwa baadhi ya wagugunaji kanuni hii imeonekana wazi. Panya wa msituni wa magharibi mwa Marekani, Neotoma cinerea, walikuwa wakubwa enzi za barafu na wakapungua dunia ilipopata joto. Hilo lilijulikana kwa kupima vinyesi vyao vilivyohifadhiwa mapangoni kwa maelfu ya miaka. Lakini kwa wagugunaji kwa jumla kanuni hukosea mara nyingi. Mnyama anayelala shimoni, kwenye kiota cha nyasi, pamoja na wenzake, haishi katika halijoto iliyoandikwa kwenye ramani ya hali ya hewa.

Visiwa vina kanuni yao. Mwaka 1964 J. Bristol Foster alionyesha kwamba visiwani wagugunaji huelekea kuwa wakubwa huku wanyama kadhaa wakubwa wakipungua. Panya wa msituni wa St Kilda (si spishi ile ya Marekani), visiwa vilivyo mbali magharibi mwa Uskoti, ana uzito wa karibu mara mbili ya mwenzake wa Uingereza bara. Kwenye kisiwa cha Gough, kusini mwa Atlantiki, panya wa nyumbani walioletwa na meli ni miongoni mwa wakubwa kuliko wote duniani, na hushambulia makinda ya albatrosi walio wakubwa kuliko wao kwa mbali. Maadui wachache, washindani wachache, chakula cha aina mpya: kila moja imetajwa kuwa sababu, na uzito wake hutofautiana kati ya kisiwa na kisiwa.

Mfano unaonishughulisha zaidi kuhusu ukubwa unatoka bara, kwa gofa wa Marekani, Thomomys bottae. Huyu ni mgugunaji anayeishi chini ya ardhi kama fuko, naye hutofautiana sana kutoka bonde hadi bonde, hata wataalamu wa zamani walimgawa katika nususpishi zaidi ya mia moja. Mwaka 1987 James Patton na Philip Brylski walichapisha utafiti wao kuhusu gofa wanaoishi katika mashamba ya alfalfa, mmea wa malisho ya mifugo, na majirani zao wa nyika. Wa shambani walikuwa wakubwa zaidi, kwa kuwa walikula vizuri. Tofauti ambayo mtu angeiandikia jina jipya la Kilatini ilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya lishe.

Umbo linalofuata mwili

Mtoto wa panya si panya mzima aliyepunguzwa. Anavyokua, sehemu za taya hazikui kwa kasi moja. Vichomozo vya nyuma vinavyoshikwa na misuli huendelea kupanuka wakati ile sehemu ya magego imekwisha tulia. Uhusiano huu wa ukubwa na umbo huitwa alometria. Kwa hiyo kisiwa kikiwafanya panya kuwa wakubwa, mataya yao yatabadilika umbo hata kama chakula ni kilekile na hakuna chochote kilichoyachagua mataya yenyewe. Umbo limevutwa na mwili.

Takwimu zinaweza kuiondoa sehemu hii: unakadiria ni umbo gani linalotarajiwa kwa kila ukubwa, kisha unaangalia kilichobaki. Ila hatua hiyo hudhani kwamba uhusiano wa ukubwa na umbo ni mmoja kwa jamii zote. Jamii moja ikiwa na mwinuko wake, yaani kiasi ambacho umbo hubadilika kadiri ukubwa unavyoongezeka, na nyingine wake, hesabu hukupa jibu safi lililo kosa. Ni lazima mwinuko upimwe kwanza.

Mfupa unaokumbuka mlo

Mfupa ni kitu hai. Ukivutwa na msuli kila siku hujiongeza, ukiachwa bila kazi hupungua. Panya wa maabara waliolelewa kwa chakula laini hupata mataya tofauti na ndugu zao waliolelewa kwa chakula kigumu, ingawa damu ni moja. Mwaka 2014 Philip Anderson, Sabrina Renaud na Emily Rayfield walionyesha kwamba tofauti hiyo hugusa hata manufaa ya kimakanika, yaani taya hujiunda kwa namna inayolifaa zaidi kwa chakula kigumu. Mabadiliko hayo hayarithiwi. Mpe mtoto wa panya aliyekula laini chakula kigumu, naye atajenga taya la chakula kigumu.

Nje ya maabara, mfano mzuri ni kindi wekundu, Sciurus vulgaris, wa Formby, pwani ya kaskazini magharibi mwa Uingereza. Kwa miaka mingi wakazi na wageni waliwalisha karanga. Karanga ni laini mno ikilinganishwa na hazeli au koni za msonobari ambazo kindi huyu huzipasua msituni. Philip Cox na wenzake walipopima mataya ya kindi wa sehemu mbalimbali za Uingereza, yale ya Formby yalionyesha manufaa madogo ya kimakanika. Unaweza kusema kesi imefungwa. Lakini kindi wa Formby wanaaminika kutokana na wanyama walioletwa kutoka bara la Ulaya, kwa hiyo huenda taya lao ni urithi wa ukoo mwingine. Namna moja ya kukata shauri ni kulinganisha kindi wa Formby kwa Formby, wa kabla ya kipindi cha karanga nyingi, wa kipindi chenyewe, na wa baadaye. Hilo liliwezekana kwa sababu makumbusho ya Uskoti yalikuwa yamehifadhi mafuvu ya miaka mingi, na ulinganisho huo uliipa hoja ya karanga nguvu zaidi. Kila ninaposikia kwamba makusanyo ya mifupa hayana kazi, hukumbuka mafuvu hayo.

Ukoo, umbali na bahati

Panya wa nyumbani walifuatana na binadamu, na mataya yao yamebeba ramani ya safari hizo. Magharibi mwa Ulaya kuna nususpishi ya domesticus, mashariki kuna musculus, na hizo mbili hukutana kwenye ukanda mwembamba unaopita Ulaya kutoka Skandinavia hadi Bahari Nyeusi. Panya wa Amerika na Australia kwa sehemu kubwa ni wajukuu wa domesticus waliosafiri kwenye meli za Wazungu. Mtu akilinganisha taya la panya wa Urusi na la panya wa Ufaransa, halafu akasema baridi ndiyo iliyoleta tofauti, amesahau kwamba koo hizo mbili ziliachana mamia ya maelfu ya miaka iliyopita.

Hata ndani ya ukoo mmoja, umbali wenyewe hutenganisha. Sewall Wright alieleza mwaka 1943 jinsi jamii zilizo mbali zinavyobadilishana jeni kwa nadra na hivyo kuzidi kuachana bila msukumo wowote wa mazingira. Hapa ndipo takwimu za ramani huwa ngumu kweli. Kaskazini kuna baridi, na kaskazini ni mbali. Umbo la taya likienda sambamba na latitudo, vyote viwili vinaweza kudai kuwa chanzo. Mchanganuzi mwangalifu huuliza kama jamii mbili zilizo karibu lakini zenye hali ya hewa tofauti, kama bonde na mlima ulio juu yake, hutofautiana zaidi kuliko umbali wao unavyotabiri.

Kwenye visiwa bahati huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa jamii nzima huweza kuanzishwa na panya wachache walioshuka melini. Watoto wao watarithi mataya ya hao wachache. Kisiwa cha Madeira kimetoa ushahidi wa jinsi utengano unavyofanya kazi haraka. Panya wa nyumbani kwa kawaida ana kromosomu 40, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Mwaka 2000 Janice Britton-Davidian na wenzake waliripoti koo sita katika mabonde ya Madeira zenye kromosomu kati ya 22 na 30, zilizoungana zenyewe kwa zenyewe ndani ya muda usiozidi takriban miaka 1,000. Ikiwa milima ya kisiwa kimoja inaweza kugawa panya kiasi hicho, kutofautiana kwa mataya kati ya bonde na bonde kusitushangaze, wala kusilazimishwe kuwa na faida.

Lini tuseme ni uchaguzi asilia?

Njia ya moja kwa moja ni kuleta panya wa sehemu mbili mahali pamoja, kuwazalisha, na kuwalisha watoto wao chakula kimoja. Tofauti iliyoletwa na mlo itafutika, ya kurithi itabaki. Bado kurithiwa hakumaanishi kuchaguliwa, maana bahati nayo hurithiwa. Kinachoongeza uzito ni mwelekeo: je, taya limebadilika kwa upande ambao fizikia ya wenzo ingeutabiri kwa chakula kilichopo? Na je, visiwa visivyohusiana, vyenye chakula cha aina moja, vimefika kwenye umbo linalofanana?

Guillou, kisiwa kidogo cha Kerguelen kusini mwa Bahari ya Hindi, kimesogea karibu na jibu kuliko sehemu nyingi. Panya wa nyumbani waliishi huko pamoja na sungura, nao pia waliletwa na watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sungura waliondolewa wote. Mimea ikabadilika, na mlo wa panya ukabadilika nao, wakaanza kula zaidi wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Renaud na wenzake walipolinganisha mataya yaliyokusanywa mwaka baada ya mwaka, waliona umbo limehama ndani ya takriban miongo miwili, na limehama kwa namna yenye maana kwa kuuma.

Nguvu ya mfano huo ni kwamba umbali haupo. Ukoo ni uleule, kisiwa ni kilekile, hali ya hewa haiwezi kutofautiana kati ya sehemu mbili kwa kuwa sehemu ni moja. Vinavyobaki mezani ni viwili, mfupa uliojiunda upya kwa mlo mpya katika kila maisha, na uchaguzi uliopitia vizazi vya panya, ambavyo katika miongo miwili ni vingi. Kuvitenganisha kabisa kunahitaji panya wa Guillou walelewe kwa chakula kimoja na panya wa mahali ambapo sungura bado wapo.